Utafanya Nini Jumanne?

Maneno haya niliyatoa mbele ya vijana wanaojiandaa kwenda kutumika kama wamisionari nje ya nchi zao, pamoja na wazazi na viongozi wao. Wengi walioshindwa kufika wameomba maandishi, nami nimeyaweka yote kama nilivyoyasema. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha, na sababu yake msomaji ataikuta mbele.

Ndugu mwenyekiti, wachungaji wetu, wazazi wetu, na ninyi vijana wenzangu ambao baadhi yenu mmekwisha kupata tarehe ya safari: Bwana Yesu asifiwe!

Wiki moja kabla ya kuondoka kwangu, baada ya ibada ya kuwekewa mikono, bibi mmoja wa kanisani kwetu alinishika kiganja akanivuta pembeni. Nilidhani anataka kuniombea. Badala yake akaniuliza, "Mjukuu wangu, Jumapili najua utafanya nini. Utaimba, utaomba, utahubiri. Sasa niambie, Jumanne utafanya nini?"

Nilikuwa na umri wa miaka 23. Nilikuwa nimemaliza mafunzo, nimechanjwa, nimepata viza, nimechangiwa nauli, na kijitabu changu kilikuwa kimejaa mistari ya kukariri. Jibu la swali lile sikuwa nalo. Nilicheka, nikamwambia, "Bibi, Jumanne nitamtumikia Mungu." Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto anayedai amenawa mikono na hajanawa, kisha akasema, "Haya."

Ndugu zangu, miaka 2 ina Jumapili 104. Ukiziondoa hizo, zinabaki siku zaidi ya 620. Ni nani aliyekuandaa kwa ajili ya siku hizo? Mahubiri ya kuaga huzungumzia Jumapili. Barua za kuomba michango huzungumzia Jumapili. Shuhuda za wanaorudi, na zangu zimo humo, huzungumzia Jumapili, ubatizo, nyimbo na machozi ya furaha. Leo nimekuja kuzungumza nanyi juu ya Jumanne.

Sitaitaja nchi niliyotumwa. Wanaonifahamu wanaijua. Ninyi wengine mnakwenda kwingine, na sitaki mtu yeyote atoke hapa akisema kwamba haya ni mambo ya kule tu. Taratibu nazo zinatofautiana. Wengine mnatumwa na madhehebu yenu, wengine mnapitia mashirika ya vijana kama Youth With A Mission, lililoanzishwa mwaka 1960, wengine mnakwenda na taaluma ya ualimu au uuguzi. Vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho hutumika miaka 2 wakiwa wa kiume na miezi 18 wakiwa wa kike. Mlango wa kuondokea si mmoja, lakini Jumanne mtakayoikuta inafanana sana.

Nimeichukua Jumanne moja kutoka katika daftari langu kama ilivyoandikwa. Tuliamka saa kumi na mbili kasoro. Kila mmoja alisoma na kuomba peke yake, kisha tukaomba pamoja, mimi na mwenzangu, katika chumba ambacho vitanda viwili viliacha nafasi ya mtu mmoja kupita. Nikafua shati moja, kwa sababu la pili lilikuwa bado bichi. Tukasoma lugha saa mbili. Tukashuka ngazi 72 na kwenda kutembelea nyumba nne: tatu hazikufunguliwa, na katika ya nne mtu alitujibu kwa ndani bila kufungua, akasema tupite siku nyingine. Mchana nilikwenda ofisi ya uhamiaji kufuatilia kibali cha ukaazi, nikapewa namba 212, na dirisha likafungwa wakiwa wamefika namba 170. Jioni tulifundisha watoto kusoma. Walikuja wanne, mmoja akalala. Usiku nikakaa niandike taarifa ya mwezi, nikaandika tarehe, nikaandika "Wapendwa katika Bwana," halafu nikakaa nikiitazama karatasi.

Ningeandika nini? Kwamba nimefua shati? Kwamba mtoto amelala?

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuisikia methali hii kwa masikio ya mwenyeji aliyechoka kuhudumia. Mimi nimeishi upande wa pili wa methali hiyo, na nawaambia kwamba mgeni naye analitamani jembe. Mgeni asiyepewa jembe hawezi kuwa mtu wa pale. Anakaribishwa, anapewa kiti kizuri, anachekewa, na mazungumzo ya kweli yanamsubiri aondoke ndipo yaendelee. Kijana unayetumwa, kazi yako yote ya miezi ya kwanza, na pengine ya mwaka wa kwanza, ni kuishi kwa namna ambayo mtu siku moja atakuamini kiasi cha kukupa jembe. Na hakuna anayekupa jembe kwa sababu ulihubiri vizuri.

Tuanze na lugha, maana ndiyo inayomshusha mtu haraka kuliko vyote. Hapa kwetu wewe ni msomi, ni mwimbaji, ni mwepesi wa utani. Ukifika kule unakuwa mtoto wa miaka miwili mwenye ndevu. Unataka kusema jambo la kina kuhusu neema, na maneno uliyo nayo ni "mimi", "maji" na "asante". Watu wanakusemesha polepole na kwa sauti kubwa, kama kwamba umekuwa kiziwi. Utani wako, ambao ndio uliokupatia marafiki maisha yako yote, umebaki nyumbani.

Mwezi wa tano tangu nifike nilijiona nimeiva. Nikaomba niongoze sala katika ibada ndogo ya katikati ya wiki. Katika lugha ile, neno la kusamehe na neno la kusahau yanakaribiana mno, tofauti yake iko katika kupanda na kushuka kwa sauti. Nikasimama, nikafumba macho, nikasema kwa nguvu zangu zote, "Bwana, tunakushukuru kwa kuwa umetusahau." Kukawa na kimya kifupi. Kisha watu wote, kwa adabu yao, wakajibu, "Amina." Nikatiwa moyo na amina ile, nikarudia. Nilimshukuru Mungu kwa kutusahau mara tatu.

Baada ya ibada mzee mmoja hakuniambia kitu mbele ya watu. Alinisubiri nje, akachukua daftari langu, akaandika maneno yale mawili, moja juu ya lingine, akachora mshale mdogo unaopanda kwenye moja na unaoshuka kwenye jingine. Akanifanya niyaseme mara kumi na mbili, akihesabu kwa vidole na kuanza upya kila nilipokosea. Akaniambia, "Kesho uje tena." Ukurasa ule bado ninao. Niulizeni leo ni mahubiri gani niliyohubiri mwaka ule, siyakumbuki. Mishale ile naikumbuka.

Kwa nini nawaeleza haya? Kwa sababu wengi wenu mnadhani lugha ni uzio wa kuruka ili mfike kwenye huduma. Nasema, lugha yenyewe ni huduma, maana inawapa wenyeji nafasi ya kuwa walimu wako kabla wewe hujadai kuwa mwalimu wao. Mzee yule asingenisikiliza kamwe kama asingekuwa amenifundisha kwanza. Tunaosoma Kiswahili kwa herufi hizi tuna mfano karibu. Mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa saba wa mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Mtu angetarajia kwamba angepanda meli ya kwanza. Alibaki, akaendelea kusikiliza na kuandika maneno, akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, na mwaka 1850 akachapisha sarufi ya Kiswahili. Kamusi yake ilitoka mwaka 1882, naye alikuwa amekwisha kufariki mwaka mmoja kabla. Ndugu zangu, kamusi haiandikwi Jumapili. Inaandikwa neno moja kwa siku, kwa mtu anayekubali kuuliza, "Na hiki mnakiitaje?"

Na hesabu zetu za haraka haraka zinaweza kutudhalilisha. Mmisionari Mwingereza William Carey alifika India mwaka 1793, na Mhindi wa kwanza aliyembatiza, seremala Krishna Pal, alibatizwa mwishoni mwa mwaka 1800. Mmisionari Mmarekani Adoniram Judson alifika Burma, yaani Myanmar ya leo, mwaka 1813 akiwa hajatimiza miaka 25, na ubatizo wa kwanza ulifanyika mwaka 1819. Miaka saba. Miaka sita. Niwaulize viongozi wetu mlioketi mbele, kwa heshima zote: kijana wetu akituletea taarifa kama hizo leo, tutaendelea kumchangia hadi mwaka wa ngapi?

Sasa nije kwa mwenzi. Nikiwa mkweli, hili lilinisumbua kuliko lugha, kuliko kibali na kuliko upweke. Bwana wetu aliwatuma wanafunzi wawili wawili, Marko sura ya 6 inasema hivyo, na mashirika mengi yameushika utaratibu huo. Kinachosahaulika ni kwamba wale wawili hawakuchaguana. Mwenzi wako utapangiwa. Mtashirikiana chumba, jiko, fedha za matumizi na ufunguo, saa ishirini na nne, na hamna hata mahali pa kwenda kununiana.

Mwenzangu alikuwa mtu mwema. Naomba nianze na hilo, kwa sababu yanayofuata yanaweza kuwafanya mdhani vingine. Alikuwa anaomba kwa sauti saa kumi alfajiri. Alikuwa na tabia ya kuchemsha maji kwa ajili ya mtu mmoja. Alikuwa akisoma Biblia huku akitikisa mguu, na kitanda chake kikigonga ukuta, na ukuta ule ulikuwa upande wa kichwa changu. Mnacheka. Chekeni tu, tutaonana mkirudi. Vyombo vikikaa pamoja havina budi kugongana, na sisi tuligongana kwa sababu ya ufunguo. Tulikuwa nao mmoja. Siku moja alitoka nao, nikakaa kwenye ngazi tangu saa tisa mchana hadi saa mbili usiku, na aliporudi hakuniomba radhi kwa sababu, alivyosema, alikuwa anamwombea mgonjwa. Ningemjibu nini? Mtu akikukosea katika jina la Bwana, unamshtaki kwa nani?

Hatukusemeshana siku mbili. Tulikuwa tunaomba pamoja asubuhi, kila mmoja akimwambia Mungu maneno ambayo kwa kweli alikuwa anamwambia mwenzake. "Bwana, tufundishe kuwajali wengine." "Ndiyo, Bwana, na utufundishe kuachilia." Walio kwenye ndoa naona wanatabasamu.

Siku ya tatu tukaitwa kwenye msiba wa jirani. Tulikwenda tumenuna, tukakuta nyumba imejaa watu, na sote wawili hatukuwa na lugha ya kufariji. Nilisimama mlangoni nikitunga sentensi kichwani: kiima, kitenzi, je, sauti inapanda au inashuka? Nilipogeuka nikamwona mwenzangu ameshavua koti. Alikuwa anabeba viti. Alivitoa kwenye ukumbi wa kanisa, vinne vinne, akavuka navyo barabara, akavipanga uani, akarudi kuchukua vingine. Hakusema neno. Alifanya hivyo kama saa nzima, shati likiwa limemgandama mgongoni, na kabla hajamaliza vijana watatu wa pale, ambao hawakuwa na habari na kanisa letu, walikuwa wanabeba pamoja naye na kumwita kwa jina.

Nilimwonea wivu. Nawaambia ukweli, hisia yangu ya kwanza haikuwa toba, ilikuwa wivu: huyu amepewa jembe, mimi bado natunga sentensi. Ndipo nikachukua viti vinne. Tulipopishana katikati ya barabara akaniambia, "Ufunguo, tutengeneze wa pili." Nikasema, "Kesho." Hayo ndiyo yalikuwa mapatano yetu, na yalidumu hadi mwisho.

Msiwadharau Paulo na Barnaba kwa kutengana kule tunakosoma katika Matendo sura ya 15. Waligombana juu ya kijana mmoja, Marko, aliyewaacha safarini na kurudi. Barnaba alitaka apewe nafasi tena, Paulo akakataa. Lakini miaka baadaye, katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo akiwa kifungoni anaagiza aletewe Marko yule yule, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Na katika sura hiyo hiyo anaagiza na joho lake aliloliacha Troa, na vitabu. Mnaliona hilo? Mtume anafikiria nguo yake ya baridi. Waraka unaosomwa dunia nzima umebeba Jumanne ndani yake.

Juu ya fedha na vibali nitapita haraka. Wengi wenu mtaishi kwa michango ya watu, na baadhi ya hao watu wanajinyima. Andikeni kila matumizi, hata madogo. Juu ya vibali, ingieni kwa viza ya kazi mnayoifanya kweli. Kijana anayeanza huduma kwa kumdanganya ofisa wa uhamiaji atapata tabu baadaye kuwafundisha wengine kweli, na siku akigunduliwa watakaoulizwa maswali ni wenyeji waliompokea.

Lakini kuna jambo moja linalohusu taarifa ambalo siwezi kulipita haraka. Nakumbuka usiku ule wa Jumanne, karatasi tupu mbele yangu. Mnataka kujua nilichoandika? Niliandika, "Huduma ya watoto inaendelea kukua." Walikuwa wanne, mmoja amelala. Na nikaambatisha picha ya msichana mmoja mdogo akiwa ameinamia kitabu, nuru ya dirisha ikimwangukia usoni. Ilikuwa picha nzuri sana. Nyumbani waliipenda, wakaisambaza, michango ikaongezeka.

Miezi miwili baadaye mama wa mtoto yule aliiona, kwa maana dunia ni ndogo na simu ziko kila mahali. Alikuja mlangoni kwetu nayo mkononi. Hakufoka. Aliuliza maswali mawili tu. La kwanza: "Ulimwomba nani?" La pili aliliuliza baada ya kusoma maelezo chini ya picha, aliyokuwa ametafsiriwa: "Nani amekwambia kwamba mwanangu alikuwa hana tumaini?"

Sikuwa na jibu la swali la kwanza wala la pili. Niliandika kwa wote waliotumiwa, nikaomba waiondoe, nikaeleza sababu. Wachangiaji wawili waliacha kuchangia. Mama yule hakumrudisha mtoto kwa wiki sita. Hiyo ndiyo sababu picha mlizoona leo ukutani zina milango, viti, ngazi na daftari, na hazina sura ya mtu hata mmoja. Vijana, mtu unayemtumikia si mali ghafi ya barua yako. Andika kwamba walikuja wanne na mmoja akalala. Wakikuacha kwa sababu hiyo, afadhali wakuache.

Wazazi, sasa nageuka kwenu, na suala la simu. Mmisionari Mwingereza Hudson Taylor alipopanda meli kwenda China mwaka 1853 akiwa na miaka 21, safari peke yake ilimchukua zaidi ya miezi 5, na barua nazo zilitembea kwa mwendo huo huo wa bahari. Mama yake aliomba juu ya shida ambayo huenda ilikwisha kupita. Leo mtoto wako akiumwa kichwa unajua kabla hajameza dawa. Ni neema, na ni mtego. Watakatifu wa Siku za Mwisho niliowataja walikuwa wakiwaruhusu vijana wao kupiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka. Tangu Februari 2019 wanaruhusu mawasiliano ya simu au video kila wiki. Zamani nilidhani utaratibu ule wa kwanza ulikuwa ukatili. Baada ya kuishi ugenini na simu mkononi, siusifu, lakini naelewa walichokuwa wanakikinga.

Kwa maana miezi ya kwanza mimi sikuwa nimehamia kule. Mwili ulikuwa kule, macho yalikuwa kwenye kioo. Nilijua nani ameoa nyumbani, nani amegombana na nani, kwaya imeshona sare ya rangi gani, na sikujua jina la mtu aliyeishi chini ya ngazi zetu, ambaye nilimpita mara nne kwa siku. Kwa hiyo nawaomba, akina mama na akina baba: mpigieni, mpendeni, mwombeeni, na siku moja moja mwambieni, "Mwanangu, kata simu, nenda ukasalimie majirani."

Mtu yule wa chini ya ngazi ndiye ninayetaka kumalizia naye, au karibu. Kwa miezi mitano nilimsalimu hakuitikia. Nilimsalimu kwa sauti inayopanda, kwa sauti inayoshuka, hakuitikia. Nilimwandalia mahubiri kamili kichwani, kwa nafasi itakapopatikana. Kisha nikaugua homa, siku tisa kitandani, mwenzangu akiwa amesafiri. Siku ya pili mtu aligonga. Alikuwa yeye. Aliweka chombo cha chakula chini, akaangalia chumba, akafungua dirisha ambalo sisi tuliamini halifunguki, akaondoka. Alirudi kila siku. Siku ya tisa nilipoweza kusimama nilitaka kumlipa, akakasirika.

Katika Luka sura ya 10 Bwana anawaagiza wale aliowatuma wakae katika nyumba ile ile, wale na kunywa watakachopewa, wasihame-hame. Nilikuwa nimeisoma sura hiyo mara nyingi nikitazama mamlaka waliyopewa. Sikuwa nimeona kwamba waliamriwa kupokea. Waliingia nyumba za watu mikono mitupu. Ni vigumu, ndugu zangu! Ni rahisi zaidi kutoa, kwa maana anayetoa anabaki juu.

Wiki moja baadaye aligonga tena. Alikuwa na ngazi ya mbao begani. Akasema, na hii ndiyo sentensi ndefu ya kwanza aliyowahi kuniambia, "Paa langu linavuja, ngazi yangu inatetemeka, njoo uishike." Nilikwenda nikaishika. Saa mbili na nusu nilisimama nimeishika ngazi ile, vumbi likiniingia machoni, nikimpa misumari mmoja mmoja. Mahubiri yangu yalikuwa tayari kichwani. Sikuyatoa. Alishuka, akajifuta, akaniuliza, "Hivi ninyi wawili mlikuja hapa kufanya nini?"

Alikuwa ameuliza mwenyewe. Ilikuwa mwezi wangu wa sita kule, na ilikuwa Jumanne. Sikuipanga hivyo, iko kwenye daftari.

Yupo mwanamke mmoja katika historia ya umisionari ambaye namkumbuka kila nikiifikiria ngazi ile. Gladys Aylward alikuwa mtumishi wa ndani London. Shirika alilotaka limtume lilimkataa baada ya kipindi cha majaribio, likiona masomo yamemshinda. Akadunduliza nauli ya treni, akaondoka mwaka 1930, akavuka Ulaya na Siberia, hadi akafika Yangcheng, China, alikokuwa mmisionari mzee Jeannie Lawson. Wakafungua nyumba ya wageni kwa ajili ya wasafirishaji wa mizigo kwa nyumbu. Na kazi yake ya kwanza? Kusimama barabarani, kumkamata nyumbu wa mbele na kumwingiza uani, ili wengine wamfuate na wenye mizigo wapate kulala hapo. Usiku, wakiisha kula, ndipo waliposimuliwa habari za Biblia. Mchana alikuwa amewavuta nyumbu.

Na Paulo mwenyewe, baada ya meli kuvunjika, wenyeji wa Malta wamewawashia moto kwa ajili ya mvua na baridi: Matendo sura ya 28 inamwonyesha akifanya nini? Anaokota kuni.

Mtaniuliza, je, jirani yule aliokoka? Kila ninapoisimulia habari hii mtu mmoja huuliza hivyo, na naona mkono mmoja umeshaanza kunyanyuka pale nyuma. Jirani yule alinisikiliza. Aliuliza maswali ambayo sikuweza kuyajibu, na nikamwambia sijui. Alikuja kanisani mara tatu, akaketi karibu na mlango. Nilipoondoka alinibebea sanduku ngazi zote 72, na sasa tunaandikiana. Taarifa yangu inaishia hapo, kwa sababu kweli ninayoijua inaishia hapo.

Neno moja kwa mtakaowapokea wanaorudi. Msiwapeleke madhabahuni Jumapili ya kwanza. Waacheni walale. Watakuwa wanasahau maneno, watakuwa wanashangaa vitu ambavyo wamekua navyo, watakasirika bila sababu. Wapeni watu wawili watatu wa kuwasikiliza kwa muda mrefu, bila maikrofoni.

Mimi nilipewa mmoja. Siku ya tatu baada ya kurudi, bibi yule alinitumia mtoto wa kuniita. Nilimkuta ameketi, akanionyesha pa kukaa, na hakuniuliza habari za safari wala za afya. Alisema, "Haya, sasa niambie. Jumanne ulikuwa unafanya nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza habari za shati lisilokauka, mishale ya mzee, ufunguo, viti vinne vinne, mama mwenye picha, dirisha lililofunguka, ngazi na misumari. Ilichukua mchana mzima, naye hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza alinyamaza kidogo, akajifunika vizuri kanga yake.

"Na Jumatano je?"